Naomba ushauri: baba anasema vijana ya leo tuko bavivu

Bandugu, munisaidie mawazo. Niko Lubumbashi, natumika elektrisite kwa sutretansi moja (kampani ndogo yenye inatumikia kampani kubwa) ya mumine, kontra ya miezi tatu tatu, ikiisha unarudi nyumbani unangoja simu. Madeni ya garanti ya nyumba (feza ya kulipa mbele juu ya kupanga) inanikaba. Baba yeye aliingia Gécamines, kampani ya Leta ya kuchimba shaba, bado kijana, nyumba bakamupa, bunga kila mwezi, masomo na hospitali ya batoto juu ya kampani, sasa ananiambia "mi kwa miaka yako nilikuwa na bibi na batoto ine". Baba, haukulipaka nyumba hata siku moja! (hiyo siwezi kumuambia mu macho). Na anataka nioe huu mwaka, doti (mahari) na byote. Nimuonyeshe karatasi ya madeni, ao nimutume noko (ndugu ya mama) aongee naye?