Kaburi la Qin Shi Huang: mbona halifunguliwi?

Mdadisi: Wakuu, naomba kueleweshwa. Mwaka 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na Xi'an, China, waliibua jeshi zima la askari wa udongo. Lakini chumba alimozikwa mfalme mwenyewe, Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China aliyefariki mwaka 210 KK, hakijafunguliwa hadi leo. Wanaogopa nini?

Bi Mfinyanzi: Ndugu yangu, mimi nafinyanga vyungu, kwa hiyo hili linaniuma. Wanaogopa kuharibu vilivyomo, kama ilivyotokea kwa askari. Wale askari hawakuwa na rangi ya vumbi! Walipakwa nyekundu, kijani, hata zambarau, juu ya tabaka la utomvu wa mti. Tabaka hilo lilikaa kwenye unyevu wa ardhini zaidi ya miaka 2,000. Likikutana na hewa kavu hujikunja na kubanduka ndani ya dakika chache, na rangi huondoka nalo. Siku hizi wataalamu huwahi kupaka kemikali ya kulizuia lisikauke, lakini wengi wa waliofukuliwa mwanzoni walishapoteza rangi zao. Nikifikiria mkono uliozipaka, moyo unaniuma kweli.

Msomaji wa Kale: Ongeza na zebaki, metali ya majimaji yenye sumu. Mwanahistoria wa kale wa China, Sima Qian, aliandika kwamba kaburini kuna mito ya zebaki, na udongo wa kilima kilicho juu ya kaburi ulipopimwa ulikutwa na zebaki nyingi kuliko kawaida.

Mdadisi: Kwa hiyo tusubiri tu?

Bi Mfinyanzi: Tusubiri. Kama mna hariri na mbao humo ndani, ni dhaifu kuliko udongo.