Nimefunga kamera nyumbani Moshono, kumbe anayeangalia ni fundi

Wakuu, naandika nina hasira, mkikuta herufi zimeruka mnivumilie.

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Moshono hapa Arusha. Kazi yetu mnaijua: leo Tarangire, kesho Karatu, keshokutwa umezama Serengeti, nyumbani unarudi baada ya siku sita umejaa vumbi. Mwaka jana jirani yangu aliibiwa mchana kweupe, wakabeba mpaka mtungi wa gesi. Mama watoto akasema halali tena peke yake bila kamera. Nikatafuta fundi mjini, akaja na kamera 4, boksi la kurekodia na diski ya TB 1. Nikamlipa laki sita na nusu. Akachukua simu yangu, akaweka programu, akabonyeza bonyeza, picha hizo: geti, uani, banda la kuku, sebuleni. Nikampa na soda juu.

Sebuleni, jamani. Hilo mlishike.

Jumanne niko Karatu nasubiri wageni wamalize chai, fundi anapiga. Nikajua ni salamu. "Bosi, naona mmeleta mbwa. Ila mnamfunga karibu mno na ile kamera ya uani, atakula waya."

Mbwa kaletwa Jumapili usiku. Fundi hajakanyaga kwangu tangu mwezi wa nne.

Namuuliza umejuaje, ananijibu kama anayetaja bei ya nyanya: "Si naona kwenye simu, bosi. Wateja wangu wote ninao humu, huwa nawacheki kama kamera zinafanya kazi." Anawacheki! Mke wangu anashinda sebuleni na kanga moja, watoto wanapita pale wakitoka kuoga, na kuna mwanaume yuko sijui baa gani ananichekia familia.

Niliporudi nikampelekea boksi kijana mmoja anayezijua hizi kazi, ndiye aliyenifumbua macho. Boksi likipata intaneti linapiga hodi lenyewe kwenye seva za kampuni iliyolitengeneza. Simu yako nayo inapita huko huko, wanakutanishwa kwa ile namba ya stika iliyo chini ya boksi. Kwa sisi wa ruta za laini ya simu ni msaada, maana mtandao haukupi anwani ya peke yako ambayo simu ingeifuata moja kwa moja. Balaa ni kwamba anayeskani stika wa kwanza ndiye anayeandikwa mwenye mali. Kwangu aliskani fundi, kwa akaunti yake. Mimi nimegawiwa tu nami nichungulie. Siwezi kuona nani mwingine anaangalia, wala kumtoa mtu.

Nikasema basi tulirudishe kama lilivyotoka kiwandani. Kijana akacheka. Hapo unafuta nywila na mipangilio ya boksi, usajili wa kule kwenye seva unabaki pale pale. Tukajaribu hivyo hivyo, tukaskani stika kwa akaunti mpya. Jibu: kifaa hiki kimeshasajiliwa na mtu mwingine. Risiti ninayo mkononi!

Kumpigia fundi aniachie, anataka elfu hamsini, "ni kazi ya kitaalamu bosi". Kazi yenyewe ni kufuta boksi langu kwenye akaunti yake.

Na madudu mengine yakaibuka. Nywila ya boksi ilikuwa moja mpaka sita, basi. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilivamia kamera na marekoda kibao duniani kwa kujaribu nywila rahisi za kiwandani kama hizo, halafu mtu wangu bado anawawekea wateja. Bando nalo: miezi yote nalaumu mtandao, kumbe programu aliiacha kwenye picha kubwa. Kamera moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde inakula GB 1.8 kwa saa, na inakula kote kote, kwenye laini ya ruta nyumbani na kwenye simu yangu huku porini. Kuna picha ndogo ya kutazamia kwenye simu, unagusa sehemu moja tu. Hakunionyesha.

Msije kuniambia "ndiyo mafundi wetu". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Sebule yangu kama siyo taarifa binafsi, sijui ni ipi.

Ninachotaka kujua: kuna aliyewahi kuiandikia kampuni iliyotengeneza iondoe usajili, akatuma picha ya stika na risiti? Ilichukua siku ngapi? Na nyie mliofungiwa kamera na mafundi, fungueni programu sasa hivi muangalie kama mmeandikwa mwenye kifaa au mmeshirikishwa tu.

NYONGEZA: Ya sebuleni nimeing'oa. Boksi nimelirudisha nyumbani, nikalichomeka saa mbili usiku, nikasahau kuchomoa waya wa ruta. Nilipokumbuka nikauchomoa, libaki linarekodi kwenye diski tu. Saa mbili na dakika ishirini meseji ikaingia: "Bosi kamera zako zilirudi naona zimekata tena, na ya sebuleni haionyeshi kabisa. Nije kesho nikuangalizie?"