Lupanga, Morningside au Irente: nimpandishe mama wapi?

MtotoWaKichangani
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 61. Kazaliwa Kichangani, Morogoro, na utoto wake wote milima ya Uluguru ilikuwa mbele ya macho yake, ila hajawahi kupanda zaidi ya pale walipokuwa wanafika kuokota kuni. Sasa anaishi na sisi Tabata, Dar. Mwezi uliopita tukiwa mezani akasema, "Nataka niione Moro kutoka juu kabla magoti hayajanigomea." Neno hilo limenikaa.

Nina Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Nimebaki na sehemu tatu: kilele cha Lupanga na Morningside, zote mbili pale Uluguru, na Irente kule Lushoto, ambako mdogo wangu aliyeko Tanga ananisihi niende. Mama anatembea vizuri, sokoni huenda na kurudi kwa miguu, lakini goti la kushoto humuuma akishuka ngazi. Mliofika huko nilinganishieni. Nataka kujua njia yenyewe ikoje na mtu anaona nini akifika.

KijanaWaBigwa
Lupanga nimepanda mara nne, naipenda kuliko mlima wowote. Lakini nitakwambia ukweli, kwa sababu ni mama.

Kilele kina mita 2,138 na mji uko kwenye mita 500 na kidogo. Maana yake unapanda karibu mita 1,600 kwa siku moja na kuzishuka siku hiyohiyo. Na njia haikuzungushi taratibu, inapanda tu. Chini unapita kwenye migomba na mihogo ya watu, bado unasikia redio na majogoo. Ukivuka mpaka wa hifadhi unaingia msituni, na hapo jua linapotea. Kuanzia hapo unapanda kwa mikono: mizizi imejisuka kama ngazi, unashika mmoja, unakanyaga mwingine. Udongo ni mwekundu, ukilowa unateleza kama sabuni. Kuna sehemu siafu wanakatiza njia, unaingiza suruali ndani ya soksi na kupita mbio.

Kijana mwenye pumzi anapanda kwa saa nne hivi. Kushuka ndiko kunakoumiza. Mizizi ileile iliyokusaidia kupanda, ukirudi inakuwa vidato virefu, na kila kidato goti ndilo linalopokea uzito wote. Kwa goti ulilolieleza, mimi nisingempeleka.

Mama_Shukuru
Mwanangu, nami nina miaka 58 na Lupanga nimefika, kwa hiyo umri peke yake usikutishe. Tulianza saa 12 alfajiri, tukafika kileleni saa 7 mchana, tukarudi mjini giza limeshaingia. Nilikuwa na fimbo mbili na mkanda wa goti. Siku tatu baada ya hapo nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume.

Ila sikiliza jambo ambalo KijanaWaBigwa hakuligusa. Nilipofika juu sikuona kitu. Ukungu ulikuwa mzito hadi matone yananing'inia kwenye nyusi. Nilikaa kwenye majani mabichi nikala chapati yangu, mji wote wa Morogoro uko chini yangu na siuoni. Mimi nilikuwa nimefuata msitu, kwa hiyo nilirudi na furaha yangu. Mama yako hakusema anataka kufika kileleni, kasema anataka kuiona Moro. Hayo ni mambo mawili.

Jingine: usichukue mwongozaji wa stendi. Sisi tulimpata kijana aliyedai anaijua njia, tulipofika msituni akawa anatuuliza sisi. Tulipoteza zaidi ya saa nzima tukitafuta tulikotoka.

MkaziWaMoro
Nakubaliana na mama hapo juu kuhusu wingu. Hewa yenye unyevu inatoka upande wa bahari, inagonga Uluguru, inapanda na mlima, inapoa na kugeuka wingu. Ndiyo maana upande wa mashariki mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na ndiyo maana Mto Ruvu unaoinywesha Dar unaanzia kwenye milima hii. Hiyo ni neema kwetu sote, lakini anayetaka kuona mbali aijue. Asubuhi mapema, kuanzia Juni hadi Septemba, ndipo penye nafasi nzuri. Machi hadi Mei msijaribu kabisa.

Sasa Morningside. Njia inaanzia mjini, unapandisha upande wa Boma, na sehemu kubwa ni barabara ya gari, mbovu lakini pana. Kwa mwendo wa mama mkubwa panga saa tatu za kupanda, mkipumzika. Bodaboda wanaweza kuwasogeza sehemu ya chini, ingawa mimi ningemwacha atembee yote, kwa kuwa uzuri uko njiani. Mnapita kwenye vijiji vya Waluguru vilivyoshikilia mteremko, matuta ya kabichi, karoti na maharage kwenye miinuko ambayo huamini mtu anaweza kusimama na jembe. Alfajiri mtapishana na akina mama wanaoshuka na matenga kichwani kwenda soko la Chifu Kingalu. Wanashuka haraka, wapisheni upande wa mlimani.

Juu kuna jengo la zamani la Wajerumani. Mahali penyewe hapafiki mita 1,500, kwa hiyo mara nyingi wingu linakaa juu yenu na mji unauona wote: reli, mashamba ya mkonge upande wa Kihonda na Tungi, na tambarare inayokwenda mpaka macho yachoke. Tunasema Moro ni mji kasoro bahari. Mimi nikiwa pale juu asubuhi, ule ukungu mweupe wa bondeni naona kama ndiyo bahari yenyewe.

Goti litauma kidogo kwenye kushuka, lakini ni mteremko wa barabara, si vidato.

Mshambaa_Soni
Niacheni niitetee Lushoto, maana naona mnaisahau.

Kwa anayetaka mandhari, Irente haina mpinzani kati ya hizo tatu. Kutoka Lushoto mjini ni mwendo wa saa moja na nusu, njia karibu tambarare, unapita mashambani na kwenye miti mirefu. Halafu ardhi inaisha. Unasimama juu ya jabali, na chini yako, karibu mita 1,000, iko nyika yote mpaka upeo wa macho. Mombo inaonekana kama vibati vilivyomwagwa, mkonge umepangwa kwa mistari. Tai wanapita chini ya miguu yako, unawaona mgongo. Mara ya kwanza nimempeleka mke wangu pale alinyamaza kwa muda mrefu, akanishika mkono, akasema tusiondoke mpaka jua lizame.

Kama mama ana nguvu siku ya pili, msitu wa Magamba hauko mbali, kuna mbega, na ukiwa na mwenyeji mwenye jicho zuri utaonyeshwa kinyonga. Goti halitapata tabu. Baridi tu, Juni na Julai chukueni masweta ya kweli.

KijanaWaBigwa
Mshambaa, kwa mandhari nakuunga mkono, Irente ni balaa. Tatizo ni muda wake. Ijumaa jioni hafiki Lushoto. Akipanda basi la Jumamosi alfajiri Mbezi, kuna saa sita au saba za njiani, na zile kilomita 33 za kona kutoka Mombo zinamchosha mtu mzima kuliko kutembea. Atafika alasiri, aione Irente mara moja, Jumapili asubuhi arudi. Moro ana SGR. Tangu treni ianze mwaka 2024, ni chini ya saa mbili kutoka Dar. Ijumaa usiku mama analala Morogoro, Jumamosi alfajiri yuko njiani hajachoka.

Mshambaa_Soni
Kwa wikiendi moja nakubali. Basi akipata siku nne, aje kwetu. Sitaki afikirie Irente ni ya kupita.

Mama_Shukuru
Na tusisahau lile la kwanza. Huyu mama kazaliwa Kichangani. Irente ataona nyika nzuri ya watu wengine. Morningside ataona nyumbani kwao.

MtotoWaKichangani
Mama Shukuru, shikamoo. Maneno yako nimemsomea mama, kacheka halafu kasema, "Huyo kanielewa." Tunakwenda Morningside. MkaziWaMoro, kibali tunalipia wapi? Na viatu: ana raba za kawaida, zinatosha?

MkaziWaMoro
Kabla hamjapanda piteni ofisi ya hifadhi ya Uluguru hapo mjini, iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Watawapa namba ya malipo, unalipa kwa simu, na hapohapo waombeni mwongozaji anayetambulika. Mwambieni kabisa kwamba mtatembea kwa mwendo wa mama. Raba zinatosha kiangazi ikiwa soli haijaisha. Fimbo msinunue, mwongozaji atawakatia. Stesheni ya SGR iko nje ya mji, upande wa Kihonda, kwa hiyo weka nauli ya bajaji mpaka mnakolala. Maji lita mbili kila mmoja.

MtotoWaKichangani
Wakuu, tumerudi jana usiku. Nawaletea mrejesho kama nilivyoahidi mama.

Tuliondoka mjini saa 12 na robo. Tulipanda saa tatu na nusu, kwa sababu mama alisimama na kila mtu. Miaka mingi sijamsikia akiongea Kiluguru, na pale njiani kilikuwa kinamtoka kama maji. Mwanamke mmoja aliyekuwa anashuka na tenga la karoti alilitua kabisa chini wakaulizana koo, wakakuta wana bibi anayehusiana. Tukapewa karoti tatu zenye udongo, mama akazisugua kwenye khanga na kula akitembea.

Juu kulikuwa kweupe. Alisimama karibu na lile jengo, akaanza kutafuta kwa kidole: kwanza reli, kutoka relini akaja na barabara, kutoka barabarani akahesabu mitaa, mpaka akasema, "Pale. Penye ule mwembe." Mimi sikuuona mwembe wowote, niliona mabati na miti. Alikaa akipaangalia nusu saa nzima, hakutaka picha.

Kushuka tulitumia saa mbili na nusu, mkanda wa goti ulisaidia. Leo anachechemea kidogo. Fimbo aliyokatiwa na mwongozaji kaja nayo mpaka kwenye treni, iko nyuma ya mlango hapa Tabata, na kasema isiguswe.