Tamthilia zisizotaka kufa: leo natapika nyongo

Wadau, asalaam aleikum. Nimenyamaza vya kutosha. Mwenye mahaba na Kuruluş Osman, ile tamthilia ya Kituruki, aufunge uzi huu sasa hivi tusije tukakosana bure, na ambaye hajamaliza Squid Game ya Wakorea asishuke chini, kwa sababu namwaga kila kitu.

Nianze na Waturuki, maana hao ndio walionifikisha hapa. Huku Lamu wametuteka. Pita barazani Mkomani, teremka mpaka Langoni, utakuta watu wazima na ndevu zao wanabishana juu ya Turgut na Bamsı, wale mashujaa wa tamthilia, utadhani ni majirani wa mtaa wa pili. Sina neno na hilo, hata mimi nilikuwemo. Diriliş: Ertuğrul ilianza kule kwao Desemba 2014, ikaisha 2019: misimu 5, vipindi 150, na kipindi kimoja kinakula saa mbili kwa raha zake. Netflix walipoichukua wakaikatakata, vikatoka vipande 448. Nasema tena, 448! Na huyo Ertuğrul mwenyewe, ukiwauliza wanahistoria, habari zake za uhakika hazijazi ukurasa. Kuna sarafu ya mwanawe iliyoandikwa "Osman bin Ertuğrul", na mengi yaliyobaki ni masimulizi yaliyoandikwa miaka mingi baada ya yeye kuzikwa. Vipande 448 kutoka kwenye sarafu!

Wanavijazaje? Hebu niwaonyeshe. Mjumbe anaingia hemani kwa bey, yaani chifu wao, anasema, "Beyim, ngome imeanguka." Basi. Hapo kamera inaanza ziara. Inamtazama bey. Ngoma, dum. Inamtazama mkewe. Dum. Inamtazama yule mzee wa ndevu nyeupe, halafu msaliti (ambaye sote tunamjua tangu mwezi jana isipokuwa bey), halafu inarudi kwa bey, ambaye sasa anakunja ngumi. Polepole. Mamangu hutazama huku anachambua mchele, siku moja sinia zima limekwisha, chuya zimetupwa, amekwenda jikoni kubandika na kurudi, anauliza, "Mwanangu, huyo bwana ashajibu?" Hajajibu, mama. Umeme ukakatika hajajibu.

Na vifo! Mtu akizama mtoni na mshale mgongoni, usilie. Vipindi vitatu baadaye yuko juu ya farasi. Ila Halime, mke wa Ertuğrul, tuliyekaa naye misimu 4 yote na kumpenda, msimu wa 5 unafungua miaka imeruka na yeye hayupo duniani. Tukaambiwa tuzoee. Kwenye Kuruluş Osman, hadithi ya mwanawe iliyofuata, Ertuğrul anarudi akiwa mzee na ni mwigizaji mwingine kabisa, Tamer Yiğit. Nampa haki yake, anaigiza vizuri, lakini mamangu hadi leo hamtambui. Anamwita "yule mgeni".

Osman nayo ikaenda misimu 6. Burak Özçivit, anayeigiza Osman, akaiaga tamthilia mwaka 2025, nikashusha pumzi, nikasema alhamdulillahi, yamekwisha. Wapi! Mwaka huohuo wakaleta Kuruluş Orhan, ya mtoto wa Osman. Jamani, ukoo huu wa Uthmaniya ulikuwa na masultani 36 na umeondoka madarakani mwaka 1922. Pigeni hesabu. Wajukuu zetu watazeeka wako kwenye Murad wa nne.

Najua mtaniambia kule Uturuki kipindi kimoja ndicho kinachobeba usiku mzima wa matangazo, lazima kiwe kirefu. Sawa, lakini hata waigizaji na mafundi wao wenyewe wameshawahi kuandamana kulalamikia urefu huo. Yaani anayepika analia na anayekula analia, sasa nani anafurahi?

Squid Game sasa. Ule msimu wa kwanza wa 2021, vipindi 9, ulikuwa kitu kamili. Gi-hun, mhusika mkuu, anageuka pale kwenye ndege, umebaki na donge kooni, umelala. Ungeishia hapo ningeusifu mpaka kesho. Wakarudi Desemba 2024 na vipindi 7 ambavyo ni nusu ya hadithi, vinakatika katikati ya maasi kama bando lililokwisha. Tukangoja hadi Juni 2025 kupata 6 vya mwisho, Gi-hun anajitupa afe yeye, mtoto mchanga abaki. Nikaumia kweli. Na kabla machozi hayajakauka, tunapelekwa Los Angeles, Cate Blanchett, yule mwigizaji wa Hollywood, yuko kichochoroni na suti yake anamzaba mtu makofi. Kumbe mlango hawakuufunga! Mtu amekufa na biashara inaendelea juu ya maiti yake.

Game of Thrones siigusi. Wale walikosea upande wa pili, miaka minane ya kujenga halafu vipindi 6 vya kukimbizana, 2019. Anayetaka kumtetea Bran, waliyempa ufalme mwishoni, afungue uzi wake.

Kinachonichoma roho ni kwamba kufunga hadithi si elimu ngeni kwetu sisi. Mwana Kupona, malenga wetu wa kale, mgonjwa kitandani, alimuusia bintiye dunia na akhera kwa beti 102. Akatia na mwaka, 1275 wa hijria, yaani 1858, akanyamaza. Hakuweka Cate Blanchett mwishoni. Na mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate, ambaye majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yalikwenda kumtoa yakarudi yamepigwa. Ngome ya Siyu imesimama pale mpaka leo, mashua tu unafika. Vipindi 10 vya hiyo, na mwisho wake, ningelipia kwa jasho langu. Lakini nenda kawaambie wenye pesa. Ukitaja Pwani wao wanataka mganga, tajiri wa hoteli na msichana maskini wanayegombania. Nishazitazama hizo pia. Uzi mwingine.

Na wewe kijana unayetujazia flashi hapa mjini, unajijua: msimu wa 4 wa Osman ulionipa umeruka vipindi viwili katikati, na ukaniambia eti "hakuna kitu hapo, wanatazamana tu". Ulikuwa na haki, lakini nirudishie pesa yangu.

Sasa nileteeni majina. Nataka tamthilia iliyokwisha. Msimu mmoja, iwe miwili kwa dharura, wahusika wakuu wana sura zilezile, aliyekufa abaki kaburini. Atakayeniambia "subiri, msimu wa tatu ndipo inapokolea" sitamjibu.