Mgeni wa kanisa haondoki. Naweza kumwambia aende bila kutenda dhambi?

BodaWaManyatta: Wadau, hamjambo. Niko Manyatta, Kisumu, chumba kimoja na sebule, mke na watoto wawili. Pasaka tulimkaribisha ndugu wa kanisa aliyekuja semina. Semina ikaisha, shule zikafunguliwa, yeye bado yuko kwa kochi. Watoto wanafanyia homuweki kitandani. Akiombea chakula, ugali unashika ngozi, na kabla amina haijatoka vizuri mkono wake uko kwa kichwa cha samaki. Waebrania 13:2 inatuambia tusisahau kuwafadhili wageni. Nifanyeje?

MamaPishi_Nakuru: Usimfukuze. Mwaka 2008 hapa Nakuru, wakati wa ghasia za uchaguzi, watu wakiwa wamejaa hemani uwanja wa maonyesho, mama yangu alichukua familia nzima ya jirani. Sisi watoto tulilala jikoni, unga ukipimwa kwa kikombe. Hakuna aliyetafuta aya. Ila yule mama jirani alikuwa anaamka kabla yetu kuosha sufuria, kwa hivyo huyu wako wa kochi sijui nimwekeje.

Mzee_Katekista: 1 Petro 4:9, mkaribishane pasipo kunung'unika. Wewe umenung'unika kuanzia Pasaka hadi kichwa cha samaki. Lakini pia Didache, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo kabisa, ulimpa msafiri siku mbili, tatu ikibidi. Akitaka kuhamia na ana ufundi, afanye kazi ndipo ale.

Kachumbari: Yaani ya tatu mpe jembe. Sasa Manyatta atalima wapi, kwa mtaro?

Nyar_Dunga: Kaka, mgeni huyu ni nani hasa? Mtu wa kawaida ungeshamwambia.

BodaWaManyatta: Ni ndugu tu katika Bwana.

Nyar_Dunga: Jibu swali.

BodaWaManyatta: Haya. Ni mdogo wake pasta. Na pasta ndiye mdhamini wangu kwa chama, mkopo wa pikipiki, bado naulipa. Lakini hilo halihusiani.

Mzee_Katekista: Halihusiani! Ndugu yangu, huyo si mgeni, huyo ni riba.

BodaWaManyatta: Mzee, usinihukumu. Nimeshapata njia ya heshima. Nimelipa depositi ya bedsita, chumba kimoja tu, huko Nyamasaria. Mwisho wa mwezi tunahama, namwambia nafasi imekuwa ndogo. Hapo hakuna aliyefukuzwa.

Nyar_Dunga: Watu wanne mjibane bedsita kumkwepa mtu mmoja? Mama watoto anasemaje?

BodaWaManyatta: Nitamwambia Jumapili.

Kachumbari: 😂😂 Kabla au baada ya sadaka?

Fundi_Kondele: Ngojeni kwanza. Huyu jamaa juzi kwa ule uzi wa mahari aliandika kwamba hajaoa. Leo ana watoto wa kufanya homuweki? Hii ni hekaya.

BodaWaManyatta: Ule nilimwandikia binamu yangu. Hana simu.

Fundi_Kondele: Hana simu, lakini alikuwa anajibu watu saa nane usiku.

MamaPishi_Nakuru: Iwe hekaya isiwe, endeleeni kujibu. Mimi nina shemeji hapa tangu Krismasi na jana ameuliza kama tunaweza kubadilisha godoro.

Mzee_Katekista: Mama, huyo ana ufundi gani?

MamaPishi_Nakuru: Kinyozi. Hata watoto wangu hajawanyoa.

Kachumbari: BodaWaManyatta, hiyo bedsita ina maji ya mfereji? Kama ni hekaya nitumie namba ya keateka, niichukue mimi.