Naomba ushauri: rimu za alumini za tela zimeliwa na chumvi ya bahari

Wakuu, habari za jioni. Nina tela dogo la kulalia safarini, lile la kukokota nyuma ya gari. Lilikaa nje Kigamboni karibu miaka miwili, upepo wa bahari unalipiga usiku na mchana. Juzi nimelifuata, nikakuta rimu zina mabaka meupe kama mba. Klia (ule utando angavu wa juu unaokinga rimu) imevimba, ukiikwaruza kwa ukucha inabanduka, na chini yake kuna unga mweupe. Tairi moja nalo linapungua upepo bila msumari wowote. Fundi alipolitoa akanionyesha unga uleule palepale tairi linapobana rimu.

Kijana wa kuosha magari alitaka kupaka maji ya betri, nikamkatalia. Mwingine akasema kosti soda. Hiyo si inaila alumini yenyewe? Sufuria tu ukiitia inachemka povu!

Nimejaribu rimu moja: sabuni, maji, kisha msasa wa maji namba 400, 800 hadi 1500. Inang'aa vizuri ila vishimo vimebaki.

Sasa, nikimalizia na kompaundi (ile dawa ya kung'arishia) bila klia, itakaa muda gani kwa huku pwani? Au nimpe fundi rangi Gerezani apulize rangi ya fedha na klia juu? Na pale tairi linapokaa, nisugue kiasi gani nisije nikazidisha kuvuja? Rimu mpya siziwezi kwa sasa, na tela nalihitaji kabla ya mvua.