Tupeane uzoefu: madereva wa seti za filamu tunaofanya kazi mbili kwa malipo ya kazi moja

Mshika_Usukani
Ndugu zangu, habari za kazi. Ratiba ya kesho imenitaja mara mbili, juu nikiwa dereva wa lori la maji na chini nikiwa msaidizi wa kupanga magari ya kale yatakayoonekana kwenye picha, ilhali karatasi ya saa ina mstari mmoja tu wa malipo. Sisi wa Teamsters Local 399, chama cha madereva wa filamu wa Hollywood, tuko chini ya mkataba ulioanza Agosti 2024 na utakaomalizika tarehe 31 Julai 2027, hivyo muda wa kukusanya madai ya meza ijayo ya mazungumzo na waajiri hauko mbali. Naomba kila aliyewahi kushika usukani na papo hapo akakabidhiwa kazi ya pili aeleze alifanya nini, alilipwaje, na kama alidai, alidai kwa njia gani.

Bi_Tausi
Kaka, umenigusa panapouma. Mimi naendesha lori la jiko na mimi ndiye ninayepika. Wafanyakazi wa seti wanapofika kupanga foleni ya chai, nimeshaendesha gizani, nimesawazisha lori, nimewasha gesi na nimekaanga mayai ya watu wote. Kila mara nikiuliza naambiwa kwamba kuendesha ni "kufika kazini" tu. Mtu anayefika kazini na gari lake dogo habebi mitungi ya gesi wala hapimwi mzigo kwenye mizani ya barabara kuu.

Kibwana_ATL
Huku Georgia ni vilevile, dada. Tena sheria ya jimbo letu inamruhusu mtu kunufaika na mkataba bila kulipa ada ya chama, kwa hiyo ukikataa kazi ya pili hukosi mwenzako wa kuipokea.

Daraja_A
Mshika_Usukani, nitasema wazi ili tusichanganye mambo. Kulowesha barabara ni kazi ya lori la maji na imo katika cheo chako, lakini kupanga magari ya picha hakumo. Tukipeleka mezani madai yanayochanganya vitu hivi viwili, watayatupa yote.

Mshika_Usukani
Ndugu Daraja_A, sikudai kulowesha. Soma tena nilichoandika.

Daraja_A
Nimesoma. Nawaambia wengine pia.

Mzee_Jenereta
Vijana wangu, acheni kukwaruzana, kwa maana suala hili limewahi kutaka kunitoa roho.

Tulikuwa tunapiga picha jangwani upande wa Lancaster, California. Nilileta lori lenye jenereta, na kwa kuwa fundi wa umeme alikuwa amepunguzwa ili kubana bajeti, kapteni wa usafiri, yaani msimamizi wa madereva, akaniambia nibaki nalo. Kubaki nalo si kukaa. Jenereta ya seti inatakiwa ishike herzi 60 bila kuyumba, kwa sababu ikiyumba baadhi ya taa kubwa humetameta na picha nzima huharibika. Nilikuwa nakagua mshale wa mafuta, joto la injini na mzigo wa kila waya, redio ikiwa sikioni, kuanzia mchana hadi taa ya mwisho ilipozimwa usiku wa manane. Kwenye kumbukumbu ya saa za dereva nikaelekezwa niandike muda wote huo kuwa ni mapumziko, eti kwa sababu gari lilikuwa limesimama.

Kisha nikaambiwa nilirudishe lori bondeni usiku ule ule. Niko kwenye barabara ya 14, ninashuka, na sikumbuki nilifumba macho wakati gani. Kilichoniamsha ni yale matuta madogo ya pembeni mwa barabara, usukani ukinitetemeka mikononi, na mbele yangu palikuwa na reli ya chuma na giza tupu nyuma yake. Nilisimama, nikazima injini, na miguu ilikataa kushuka kutoka kwenye kabini.

Asubuhi nililipwa kiwango cha dereva. Saa za jenereta hazikuonekana popote, si kwenye malipo wala kwenye kumbukumbu.

Kibwana_ATL
Pole sana mzee. Mungu ni mkubwa.

Bi_Tausi
Shikamoo mzee. Nimesoma huku mikono inatetemeka. Huyo kapteni alichukuliwa hatua?

Mzee_Jenereta
Marahaba binti yangu. Hakuchukuliwa hatua yoyote, kwa kuwa maandishi yalionyesha kwamba nilikuwa nimepumzika.

Waya_Moto
Pole mzee, lakini mimi ni wa chama cha mafundi umeme na lazima niseme. Kila dereva anapokubali kulinda jenereta, fundi mmoja hukaa nyumbani. Mlipwe kwa haki, sawa, ila mnalipwa kwa kazi ya nani?

Daraja_A
Hilo muulize aliyempunguza fundi. Mwaka 2024 vyama vya ufundi, pamoja na IBEW Local 40 ya mafundi umeme, vilikaa nasi upande mmoja wa meza ya mazungumzo na waajiri. Hatukukaa pale ili tuje kunyang'anyana tonge huku seti.

Waya_Moto
Basi msikubali. Kataeni hapo hapo.

Bondeni_Mkali
Kukataa papo hapo kunaweza kukufukuzisha kazi kwa kosa la kukaidi amri. Kama kazi si ya hatari, ifanye, iandike, kisha dai kupitia chama. Kama ni ya hatari, hapo ndipo pa kusimama. Wengine hunishauri niandike jina langu mara mbili kwenye karatasi ya saa ili mhasibu ashtuke, na siku moja nitajaribu.

Tulivu_na_Gia
Mimi hupewa posho taslimu kwa kazi ya pili na sijaona ubaya wake. Pesa iliyo mkononi haina foleni.

Daraja_A
Ina hasara, ndugu yangu. Mfuko wetu wa pensheni na afya huhesabu saa. Mgeni anahitaji saa 600 ndani ya miezi sita ili apate bima, na baada ya hapo saa 400 kwa kila miezi sita. Posho ya mkononi haiingizi hata saa moja.

Na kuhusu mzee: kanuni za serikali kuu zinahesabu kazi yoyote unayomfanyia mwajiri kuwa ni muda wa kuwa kazini, hata gari likiwa limesimama. Mizigo ya filamu inayosafirishwa ndani ya maili 100 za angani, yaani kwa mstari ulionyooka, ina nafuu yake, yaani saa 10 za kuendesha baada ya kupumzika saa 8 mfululizo, lakini ukishatimiza saa 15 za kuwa kazini huruhusiwi kushika usukani tena. Kuandika ulinzi wa jenereta kuwa mapumziko ni kughushi kumbukumbu, na aliyekuelekeza anahusika.

Kibwana_ATL
Na sisi tusio wa 399?

Daraja_A
Mkataba wenu ni mwingine, kwa hiyo viwango na muda wa kuwasilisha malalamiko muulizeni mwakilishi wenu. Kanuni ya saa ya serikali kuu haiangalii chama, mradi uko kwenye gari kubwa la biashara linalohusika na biashara ya kati ya majimbo; ndani ya jimbo moja, uliza kanuni za jimbo lako.

Mshika_Usukani
Nashukuruni nyote. Naomba kila mmoja apige picha ratiba ya siku na karatasi ya saa, aziweke pamoja, na aandike pembeni kazi ya pili ilianza saa ngapi na nani aliyeiagiza. Mzee, kama una ratiba ile ya Lancaster, tafadhali niandikie faraghani.

Mzee_Jenereta
Ninayo. Nakutumia jioni hii.